Nusu Niliyoitengea Picha

Baba hakuwa mtu wa kunipigia simu. Kwa miaka yote niliyokaa Karatu, simu za nyumbani Malambo zilipigwa na mama mdogo, ambaye humaliza habari zote yeye mwenyewe, kisha humpa baba simu kwa nusu dakika ili tusalimiane. Kwa hiyo Jumatatu ile, nilipoona namba ya baba ikiita saa nne asubuhi nikiwa kazini, nilisimama kabla sijapokea. Katika milio mitatu ya simu nilikuwa nimeshamuua mama mdogo, nimeomba ruhusa ya msiba na nimefikiria nani atalisha kuku wangu. Ndivyo nilivyo. Mimi ni yule mtu anayefika kituoni halafu anarudi nyumbani kuhakikisha kwamba amezima jiko, na akishahakikisha anafika kituoni na kujiuliza kama kweli aliliangalia au alidhani tu.

"Hakuna aliyekufa," baba alisema, maana ananijua. "Alhamisi kijiji kinakaa kuzungumza habari ya olokeri. Wewe si unachora nchi kwenye ile mashine yako? Niletee picha ya olokeri, ilivyokuwa tangu mwanzo mpaka leo. Nimeshawaambia kwamba utakuja."

Nikasema sawa, Baba. Angeniambia nilete mlima ningesema sawa, Baba.

Olokeri ni malisho ya ndama. Kwetu ndama hashindanishwi na ng'ombe wakubwa. Karibu na boma hutengwa eneo, linazungushiwa miiba, na ng'ombe mwenye nguvu haingii humo hata kiangazi kiwe kikali namna gani. Ni mahali pa ndama, na pa ng'ombe mgonjwa asiyeweza kutembea mbali. La kwetu lilipimwa kwa hatua na baba pamoja na wenzake wa rika, nikiwa bado sijazaliwa, na linatumiwa na maboma kadhaa, lakini mlinzi wake tangu zamani ni baba. Wenzake wote aliopima nao wameshaondoka duniani. Nilikuwa nimesikia kwa mama mdogo kwamba watu wanalalamika, wanataka lifunguliwe. Nikajumlisha mambo mwenyewe: wanataka kumnyang'anya baba olokeri, na baba ananiita nije nimtetee kwa picha. Hajawahi kuniomba kitu. Aliuza ng'ombe nikasoma, hakunikumbusha hata siku moja, na sasa kwa mara ya kwanza ananiomba kitu, nacho ni kitu ninachokiweza.

Kazi yangu ni kuchora ramani za njia kwa kampuni ndogo ya utalii. Mgeni akitaka kutembea kutoka ukingo wa kreta hadi bonde fulani, mimi ndiye ninayemwonyesha atapita wapi na atapumzika wapi. Lakini ramani za wageni ni nyepesi. Hii ya baba nilitaka iwe na picha za satelaiti za miaka mingi, moja juu ya nyingine, ili wazee wakiona waseme kweli, olokeri limekuwa pale siku zote. Nilizipata picha kumi na moja, kila moja ya mwaka wake. Zilikuwa kubwa. Laptop yangu niliinunua ikiwa imeshatumika, ina RAM ya giga nne, na hata siku ya kawaida huhema kama mtu aliyepandisha mlima na debe kichwani.

Jumanne niliomba ruhusa nikabaki nyumbani. Picha ya kwanza ilifunguka. Ya pili ilifunguka kwa vipande, nusu nyeusi. Ya tatu, skrini nzima ikaganda, na nilipovuta ramani upande, milima ikabaki nyuma na mistari yangu ikaenda peke yake. Nikazima, nikawasha. Vilevile. Gari la kwenda Malambo lilikuwa linaondoka Jumatano alfajiri.

Nikafungua ule ukurasa unaoonyesha hali ya mashine. Upande wa grafiki, yaani sehemu inayochora kila kinachoonekana kwenye skrini, paliandikwa "memori ya pamoja", giga moja nukta tisa. Nikalitazama lile neno. Pamoja. Yaani grafiki haina memori yake. Inakula RAM ileile ambayo programu zote zinaikula. Sasa nikaona kila kitu, au nilidhani nimeona. Picha yangu ilikuwa inanyang'anywa. Ilikuwa kama ndama aliyeachwa kisimani katikati ya madume, na mimi mwenyewe ndiye niliyeiacha pale.

Mtoto wa mfugaji anajua la kufanya. Niliizima mashine, nikaiwasha huku nimeshikilia kile kitufe cha kuingia kwenye mipangilio ya mwanzo kabisa, ile skrini ambayo mafundi hutuonya tusiiguse. Nikapekua mpaka nikakuta mahali pa kuitengea grafiki memori. Palikuwa pamewekwa "otomatiki". Nikaweka giga mbili. Nusu ya mashine nzima nikaizungushia uzio kwa ajili ya picha, nikahifadhi, nikatoka. Nilijisikia vizuri sana. Nakumbuka hata chai nilipika.

Kwa dakika tano mshale ulitembea vizuri ajabu. Kisha nikafungua picha ya kwanza, ile ambayo asubuhi ilifunguka, na mashine ikasimama. Taa ya diski ikawaka isizime. Nikasubiri mpaka chai ikapoa. Nikabonyeza hapa, nikabonyeza pale, nikaomba Mungu, nikaitukana, nikamwomba Mungu anisamehe kwa kuitukana. Mawazo yakaja yote kwa pamoja: baba amesimama mbele ya watu, amewaambia mwanangu anakuja na picha, na mimi naingia mikono mitupu. Nikaichomoa kwenye umeme, nikaifunga kwenye kanga, nikakimbia nayo barabara kuu.

Fundi ninayemwamini ni mama mmoja Mwiraqw mwenye kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta. Nyuma ya kibanda ana bustani ya vitunguu, na mara nyingi ana udongo kwenye viatu na bisibisi mkononi. Aliiwasha, akatazama kidogo, akavua miwani.

"Dada, nani amekufungia nusu ya RAM?"

"Nimefunga mwenyewe."

"Ya nini?"

"Nilitaka picha isinyang'anywe."

Alicheka mpaka mteja wa jirani akachungulia. Mimi sikucheka. Nilimwambia habari ya Alhamisi, na ya baba, na ya gari la alfajiri, yote kwa pumzi moja, mpaka akaacha kucheka akanivutia kigoda.

"Sikiliza," alisema. "Hii kompyuta haina kadi ya picha ya pembeni yenye memori yake. Grafiki yake inaazima kwenye RAM hiihii. Ikitaka kuchora, inachukua. Ikimaliza, inarudisha, na mwingine anatumia. Wewe umekata giga mbili ukazifungia. Sasa hata grafiki ikiwa haina kazi, zile giga mbili zimelala pale, hakuna anayeruhusiwa kuzigusa."

"Lakini ndiyo nilitaka zisiguswe. Ziwe za picha."

"Picha yako haikai huko. Inafunguliwa kwenye RAM, ramani inapangwa kwenye RAM, kila hesabu ni RAM. Grafiki inapewa tu kile cha kuonyesha. Umempa mpakuaji jiko zima, mpishi umemwacha nje na sufuria yake."

Nikamtajia ile giga moja nukta tisa niliyoiona asubuhi, nikamwuliza kama hiyo siyo iliyokuwa inaliwa.

"Hiyo ni ruhusa, siyo matumizi," alisema. "Maana yake ikibanwa inaweza kuazima mpaka hapo. Subiri." Akarudisha mipangilio kwenye otomatiki, akawasha upya, akafungua ukurasa uleule. Chini ya ile moja nukta tisa kulikuwa na tarakimu nyingine ambayo sikuwa nimeiangalia: sifuri nukta tatu. Grafiki ilikuwa inatumia kidogo tu. Nilikuwa nimekitengea nusu ya mashine kitu ambacho hakikuwa na njaa.

"Na siku ikihitaji kweli, ikakuta wengine wameshakula?" Sikuweza kujizuia. Lazima niulize la baya zaidi.

"Basi mashine itakuwa nzito, utafunga unachoweza, utasubiri. Ndiyo maisha ya RAM ndogo. Ila ulivyofanya wewe, inakuwa nzito kila siku, hata siku ambayo hakuna mwenye shida." Akanitazama. "Kwani hukuona kwamba imezidi kuwa mbaya?"

"Niliona. Nikadhani sijatenga vya kutosha."

Alinionyesha jinsi ya kuzikata zile picha, nibakishe eneo la kijiji tu badala ya kubeba nusu ya wilaya, na akanipa onyo moja. Nikichomeka projekta, skrini zitakuwa mbili na grafiki itaazima zaidi. Nifunge kila kitu, nichomeke, nisubiri. "Usibonyezebonyeze," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeniona nikibonyezabonyeza.

Nilimalizia kazi pale pale kwenye kigoda chake. Picha zote kumi na moja zilifunguka. Nikawa naenda mwaka kwa mwaka, kutoka wa zamani hadi wa juzi, nikiufuata uzio wa miiba, ambao kwa juu unaonekana kama mstari mwembamba wa kahawia. Na hapo ndipo niliposahau habari za mashine.

Mstari ulikuwa unatembea.

Kwenye picha ya zamani kabisa olokeri lilikuwa dogo, na kona yake ya mashariki ilikuwa chini ya mgunga mkubwa, ule tuliokuwa tukiuita mgunga wa kona nilipokuwa mdogo, kivuli chake kikionekana wazi. Baada ya mwaka wa ukame, uzio ulikuwa umeupita ule mgunga. Baada ya ukame mwingine, umefika korongoni. Kwenye picha ya mwisho mgunga wenyewe haupo, ulishaanguka, na uzio umevuka korongo na kumeza njia ya ng'ombe ya majirani. Ndani, majani. Nje, ardhi nyeupe. Nilizipitia mara nne, kama ninavyoangalia jiko. Hakuna mwingine anayeujenga uzio ule. Ni baba.

Nilitaka kulia. Nilikuwa nimeandaa ushahidi dhidi ya baba yangu mwenyewe, tena kwa rangi.

Safari ya Jumatano nilipanda Land Cruiser ya mfanyabiashara anayepeleka sukari na sabuni. Lango la hifadhi, ukungu wa ukingoni mwa kreta, kisha mteremko mrefu kuelekea kwenye vumbi. Wengine walisinzia. Mimi laptop nilikuwa nimeipakata, nimeizungushia shuka mbili, na kila gari liliporuka nilikuwa nauliza moyoni: nifute zile picha? Nikifuta tisa nikabakisha mbili za mwisho, uzio hautaonekana ukitembea. Nitasema mashine haikuweza kubeba zote, na kwa mashine yangu hilo si uongo mkubwa. Kisha nikawaza juu ya jirani yetu mmoja ambaye njia yake imemezwa. Alinibeba mgongoni nilipoumwa na nge. Nikawaza tena juu ya baba. Sikufuta, wala sikuamua kutofuta. Nilifika nikiwa nimeuma kucha zote.

Nilimwinamia baba, akanigusa kichwani kama kawaida, ila mkono wake uliutafuta kidogo ule utosi kabla ya kuupata. Mama mdogo hakuwa amenieleza kwamba macho yake yamefikia hapo. Nje ya uzio niliona ng'ombe wa jirani, mifupa ya nyonga imechomoza, wamesimama wakitazama majani upande wa pili. Ndani kulikuwa na ndama wetu sita. Nilipokuwa mtoto tulikuwa tunashindwa kuwahesabu.

Jioni tulikaa nje na maziwa. Nilijaribu kusema. Nilianza, "Baba, zile picha…" nikaishia kukohoa na kunywa maziwa.

"Mgunga wa kona unaonekana?" aliuliza.

"Kuna kivuli," nilisema. "Kwenye picha za zamani."

"Kivuli," alisema, akamalizia maziwa yake. Nikadhani ameridhika. Asubuhi nilijaribu tena wakati akivaa viatu, nikaishia kumwuliza kama amekunywa dawa.

Kikao kilikuwa kwenye darasa la shule ya msingi, kwa sababu shule ina sola na projekta. Watu walijaa hadi madirishani. Wamama walikaa upande wao wakiongea chini chini, wazee mbele kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Yule jirani alikuwa safu ya kwanza. Mwenyekiti wa kijiji akasema tuanze na picha kabla ya maneno, na akaniita.

Nilifunga kila kitu kama nilivyoelekezwa. Nikachomeka waya wa projekta. Ukuta ukawa mweusi, na skrini yangu nayo ikawa nyeusi.

Nilijua kinachotokea. Skrini zimekuwa mbili, grafiki inaazima, RAM inajipanga upya, niache. Nilijua kabisa. Lakini katika giza lile nilisikia kitu ambacho sijivunii: nafuu. Nilijikuta naomba isirudi. Nilikuwa na sentensi tayari mdomoni, mashine imekufa, samahanini wazee wangu, na baba angerudi nyumbani na heshima yake, na mimi ningerudi Karatu. Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kile kitufe cha kuzima.

"Imeharibika?" mwenyekiti aliuliza.

"Mtoto ameona jambo," mtu wa nyuma akasema. "Tazama uso wake."

Darasa likaanza kunong'ona. Kisha nikasikia fimbo ya baba ikigonga sakafu, na baba akainuka.

"Msimsumbue," alisema. "Anaogopa kuniaibisha. Tangu jana anakohoa tu badala ya kusema." Watu wachache walicheka. Yeye hakucheka. "Uzio nimeusogeza mimi. Ukame ulipokuja niliusogeza, ndama wakafa. Nikaona sikutenga vya kutosha, nikausogeza tena. Kila walipopungua, mimi niliongeza. Niliogopa. Na wa kwenu walikuwa wanakufa nje wakiyaangalia majani, nikawaona, sikufungua."

Sijawahi kumsikia baba akisema kwamba aliogopa kitu, wala simba, wala hospitali. Yule jirani alikuwa ameinamisha kichwa.

"Nataka kuurudisha pale tulipoupima," baba alisema. "Lakini mgunga umeanguka, macho yangu yamekwisha, na wenzangu niliopima nao hawapo wa kuwauliza. Nikiubandika popote mtasema nimewapunja tena, na mimi mwenyewe sitajua kama nimewapunja. Ndiyo maana nimemwita huyu. Sikumwita anitetee. Nimemwita anionyeshe."

Nilikuwa nimekisia vibaya tangu simu ile ya Jumatatu. Nilitoa mkono kwenye kitufe. Sikubonyeza kitu. Tukasubiri, darasa zima, kama watu wanaosubiri maziwa yachemke, na picha ikaja ukutani, kwanza vipande, halafu nzima: ile ya zamani kabisa, olokeri dogo, na kivuli cha mgunga kwenye kona.

"Uko wapi?" baba aliuliza.

Akawa anaukaribia ukuta na fimbo yake, wazee wakimpisha. Alikuwa amesimama mbele ya picha na hakuwa anaiona. Nikamshika mkono, nikauweka juu ya kile kivuli. Kiganja chake kilifunika kona nzima.

"Hapa, Baba."

"Na uzio wa sasa uko mbali na hapa?"

Watu wote walikuwa wanatusikiliza. Nilitazama ule mkono, na kucha zake zilizopasuka kwa miiba ya miaka yote ile.

"Mbali, Baba," nilisema. "Mbali sana."

Aliitikia kwa kichwa, bila kuutoa mkono. Kisha akageuka kuelekea kule alikosikia pumzi za jirani yetu, akamwambia aje kesho asubuhi na panga, kwa sababu miiba ni mingi na yeye peke yake hataweza.